Maziwa hayasafishi mapafu: nilivyopunguza vumbi saiti yangu Mafinga

Kila fundi aliyenifundisha kazi aliniambia hivyo hivyo: kijana akishinda kwenye vumbi, mpe maziwa yakasafishe kifua. Nilipopata kazi ya kumalizia nyumba ya wageni hapa Mafinga, nikatenga hela ya maziwa, nusu lita kwa kila mtu, watu tisa. Kwa mwezi ilikwenda kama laki mbili na ushee. Kijana wangu aliyekuwa anakata ukuta kwa grenda kupitisha paipu za umeme akazidi kukohoa, mpaka usiku halali.

Nikampeleka zahanati. Daktari akaniuliza, "Fundi, maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu. Vitakutana wapi?" Akanieleza kuwa vumbi la zege, mchanga na tofali lina madini yaitwayo silika, na chembe zinazoumiza ni zile usizoziona kwa macho. Zinatia makovu kwenye mapafu, makovu hayo hayaponi, na kifua kikuu kinapata mlango. Iliniuma sana, maana miaka yote niliamini nawatunza vijana wangu.

Kesho yake nikaanza na maji. Nikamweka kibarua na kopo, amwagie pale diski inapokata. Vumbi likafa kabisa! Tulifurahi kama nusu saa. Kisha maji yakaingia kwenye grenda, fundi akapigwa shoti, akaitupa, ikawa inazunguka sakafuni yenyewe mpaka nilipochomoa waya. Mungu alisaidia, alikuwa na buti za mpira. Nakusihi, grenda ya kawaida ya umeme usiimwagie maji, hata akikushauri nani.

Tukarudi kwenye tindo na nyundo, ukuta ukiloweshwa kwanza kwa bomba la kupulizia dawa shambani, jipya, lisilowahi kutiwa sumu. Kazi iliongezeka siku nne hivi. Vigae tukakata kwa mashine ya mkono, ile ya kuchora na kuvunja.

Lakini ninachojivunia ni maranda. Tulikuwa tunafagia sakafu kavu, na kufagia tu kulirudisha hewani vumbi lote la siku nzima. Mafinga, na msitu wa Sao Hill jirani, maranda ya mbao yamejaa kila kiwanda cha kupasulia. Nikachukua viroba vitatu bure. Unayalowesha kiasi kwamba ukiyafumbata yanashikana bila kudondosha maji, unayatawanya kuanzia kona ya ndani, unafagia kuelekea mlangoni. Siku ya kwanza nilisimama nikautazama mwale wa jua dirishani. Zamani ulikuwa mweupe kwa vumbi. Siku hiyo haukuwa na kitu.

Barakoa nikanunua za N95, maana kitambaa hakizuii vumbi laini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, kwa hiyo usiwakate vijana posho. Mwenye ndevu anyoe, la sivyo hewa inapita pembeni. Mtu akivua, mtazame pua na mashavu: ukiona mstari wa saruji, hapo ndipo vumbi lilipoingilia.

Yule kijana nilimhamishia kwenye kazi ya nondo, nje. Kila siku saa nne, watu wakivua barakoa wanywe chai, yeye ndiye anayepita kukagua mashavu ya wenzake.