Kamanda na msimu wa kuzaa

4 Septemba. Kamanda, mbwa wangu wa kulinda kondoo, ana miezi 11. Dume niliwaingizia kondoo mwanzoni mwa Mei, na kwa kuwa mimba yao huchukua siku 147 hivi, wa kwanza atazaa mwishoni mwa mwezi huu. Wenye mimba ni 14. Mwaka jana hapa Molo mbweha walibeba wanakondoo wanne, ndiyo maana nilimchukua huyu chotara wa Anatolia, mbwa wa Uturuki wa kulinda mifugo, akiwa mdogo nikamlaza zizini tangu siku ya kwanza.

Kila anayepita huuliza kama ni mkali. Ukali anao. Usiku akinguruma hata mimi nasita kutoka kwenda chooni. Raymond na Lorna Coppinger, waliochunguza mbwa wa aina hii Marekani kuanzia miaka ya 1970, walidai mambo matatu: mbwa asiwadhuru kondoo, asiachane nao, na awalinde. Kamanda ana la pili na la tatu. La kwanza ndilo linaloninyima usingizi, maana mwezi uliopita alimshika sikio kondoo mmoja mchanga akamkokota kama gunia, mkia ukicheza.

14 Septemba. Kijana anayetuchungia aliniambia, "Mama, mpige tu, ataacha." Sikumpiga. Nilimfunga kamba ndefu na kumweka na majike watano wazee wasio na subira. Mmoja alimgonga ubavuni hadi akalia. Tangu hapo akiona kichwa kimeinama, hupisha. Kwangu hilo lina thamani kuliko kubweka kote kule.

27 Septemba. Usiku, saa nane, wa kwanza ameshikwa na uchungu. Kamanda nilimwacha nje ya wavu, nikakaa na tochi. Alilia, akakwaruza mbao, akasukuma pua kwenye matundu. Kondoo alipiga mguu chini, yeye akaendelea kukodoa macho. Hapo nikajua bado. Mama humtambua mwanawe kwa harufu na kwa kumlamba katika saa zile za mwanzo. Mbwa akimlamba kwanza, mama anaweza kumkataa, na mtoto akakosa dang'a, yale maziwa ya kwanza. Kondo la nyuma Kamanda alilipata baadaye nilipomfungulia, akalimeza mara moja. Hilo halinitishi, mbwa wengi wa kazi hii hufanya hivyo. Wasiwasi wangu ni asije akahama kutoka kwenye kondo kwenda kwenye kitovu.

(Mwanakondoo aliyezaliwa amekufa tulimzika kwa kina. Jirani, mzee wetu, alisema nampotezea mbwa nyama. Huyo mbwa namfundisha wanakondoo si chakula, halafu nimlishe mmoja?)

3 Oktoba. Wa sita alizaa mchana, Kamanda yuko ndani kwa kamba. Alilala chini mwenyewe, hatua kama kumi hivi, akageuza uso pembeni kana kwamba anaangalia mawingu ya Mau. Mtoto alipojikongoja akamfikia, hakumgusa. Mama alipoinamisha kichwa, aliinuka polepole akaenda langoni. Kijana akacheka: "Mama, leo amekuwa mzee!"

Nusura niifungue kamba.

9 Oktoba. Vizuri sikuifungua. Wanakondoo wa wiki moja wameanza kurukaruka jioni, wote kwa pamoja, kutoka kona hii hadi ile. Kamanda aliwatazama dakika mbili, kisha akachomoka. Kamba ilimkaza akiwa amebakiza hatua moja. Hakuwa na hasira hata kidogo, alitaka mchezo, lakini mbwa wa kilo 40 akicheza na kitoto cha kilo sita, hesabu ni rahisi.

Kwa hiyo msimu huu analala kwenye zizi la pili, wavu katikati, anasikia na kunusa kila kitu, na mbweha nao wanamsikia. Mchana anaingia nikiwa na nafasi ya kukaa naye. Majike watano wazee wamebaki kuwa walimu wake. Nikimwingiza dume tena Mei, watazaa Kamanda akiwa karibu na miaka miwili. Kamba naiacha ikining'inia pale langoni.