Jina la mama kwenye daftari la skimu

Kabla skimu ya umwagiliaji haijapimwa, mama alikuwa na kijaruba chake kando ya mto, mbali na shamba la baba. Mpunga wa pale ulikuwa wake: aliuza mwenyewe, akatununulia sare, na hakuna aliyemuuliza hela imekwenda wapi. Wapimaji walipofika upande wetu wa bonde la Usangu, vishamba vyote vilisawazishwa, mfereji ukapita katikati, na kila kaya ikagawiwa eneo moja. Daftarini likaandikwa jina la mkuu wa kaya. Kijaruba cha mama kikaishia hapo.

Siibezi skimu. Mavuno yalipanda, hasa tulipohamia mbegu ya mpunga ya SARO 5 na kupandikiza kwa mistari. Lakini zilikuja pia ada ya maji, mbolea, pawatila na vibarua. Mama aliendelea kuinama kwenye matope kama zamani, ila hela ya mauzo sasa ilipita mkononi mwa baba.

Baba alipofariki, hata arobaini haijafika, baba mdogo akaja na maneno laini: "Shemeji, shamba ni la ukoo. Wewe utalima tu, ila jina tuweke la mwanamume, chama kisije kutusumbua." Karani wa chama cha wamwagiliaji naye akaona hakuna ubaya.

Nilienda mjini Rujewa nikachapisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Nilijiandaa hata kwenda baraza la ardhi la kijiji, ambalo kisheria lina wajumbe 7, 3 kati yao wanawake. Haikufika huko. Karatasi ilimnyamazisha karani, lakini ukoo haukuwa na haja ya kusomewa vifungu.

Kilichosaidia ni shangazi. Kwenye kikao cha ukoo alisubiri wanaume wamalize, kisha akauliza: "Kaka alipokuwa amelazwa, zamu ya maji ya usiku nani alikwenda kufungua?" Sisi tuko mwisho wa mfereji, kiangazi maji hutufikia usiku wa manane, na ukilala, jirani wa juu anayakata. Kila aliyekaa pale alijua ni mama, na tochi yake na jembe. Muhtasari ukaandikwa mama awe msimamizi wa mirathi. Baba mdogo alisaini wa mwisho.

Yaliyobaki ni makaratasi: muhtasari wa ukoo, barua ya mtendaji wa kijiji, cheti cha kifo, kisha Mahakama ya Mwanzo. Kilichotuchelewesha ni jina. Daftari la skimu lilimwandika baba kwa jina la utani alilozoeleka nalo kijijini, cheti kikabeba la ubatizo. Ilibidi tuape kiapo kuwa ni mtu yuleyule. Anayefuatilia mirathi ya shamba la skimu akague daftari kabla ya kitu kingine. Tangazo likabandikwa, hakuna aliyepinga, mama akapewa Fomu Na. 4, ile ya kumteua msimamizi wa mirathi. Tulipoipeleka chama, karani alifuta jina la zamani mbele yetu.

Msimu huo mama alikataa hela ya mfanyabiashara aliyetaka kununua mpunga ungali shambani, akaweka magunia ghalani hadi bei ilipopanda. Baba mdogo anakodi kwake nusu ekari. Analipa kama wengine wanaokodi, kabla ya kusia mbegu.