Saa ya Kuruka ya Bei Ndogo Si Lazima Iwe Nafuu
Nilipopata leseni ya rubani binafsi na kutaka kuendelea hadi ile ya rubani wa biashara, nilidhani kwamba chuo cha urubani kinachotoza kidogo kwa saa ya kuruka ndicho nafuu. Nilikosea. Chuo nilichokichagua kilikuwa na ndege moja tu ya mafunzo, nayo ilikaa karakana wiki tatu ikisubiri kipuri, hata nikalazimika kulipia upya mazoezi niliyokwisha kuyasahau. Tena saa za kulipia ni nyingi: viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vinadai saa 200 za kuruka kwa leseni ya rubani wa biashara, au 150 ndani ya kozi iliyoidhinishwa. Kwa hiyo sasa nauliza kwanza kama bei inajumuisha mafuta na mkufunzi, na kama saa huanza kuhesabiwa injini inapowaka au magurudumu yanapoacha ardhi, kwa sababu foleni ya kuruka, ikiwa ndefu, inaweza kumeza dakika 15 unazozilipia ukiwa umesimama.