Kutundika chapa za lino za Picasso: nilivyofanya

Chapa nyingi za lino (picha zinazochapwa kwa kipande cha linoleamu kilichochongwa) ambazo Picasso alichapiwa na fundi Hidalgo Arnéra huko Vallauris, Ufaransa, ziko kwenye karatasi ya takribani sm 62 kwa 75, na picha yenyewe ni sm 53 kwa 64. Pambizo hiyo ndiyo niliyoitetea kwanza kwa fundi fremu. Chini kuna sahihi na namba ya penseli, kwa mfano 12/50, yaani nakala ya 12 katika toleo la 50 (si lazima iwe ya 12 kutoka mashineni). Fundi akiachiwa mwenyewe hukata dirisha la kadibodi hadi ukingoni mwa wino, na sahihi inafunikwa. Niliagiza liache sm 2 za karatasi wazi, na 3 upande wa chini.

Kadibodi iwe isiyo na asidi. Karatasi niliishikiza kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani, upande wa juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano. Utepe wa kunata haufai: gundi yake huzama na kuacha doa la kahawia. Wanaobandika pande zote nne huharibu zaidi, maana karatasi hutanuka unyevu ukipanda, na ikibanwa hujikunja mawimbi. Unyevu wa ukumbi wa maonyesho niliuweka karibu na asilimia 50.

Wino wa lino ni mzito, tena umelala rangi juu ya rangi. Ukigusana na kioo unaweza kunata, kwa hiyo niliacha nafasi ya mm 5 kati yao.

Mwanga ni lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), na kifaa cha kuupima huwekwa usoni pa fremu, si katikati ya chumba. Madhara ya mwanga hayafutiki, yanajumlishana tu: lux 100 kwa saa nne ni sawa na 50 kwa saa nane. Anayetoka juani ataona giza, ndiyo maana njia ya kuingilia niliipunguzia taa hatua kwa hatua.

Kitovu cha kila fremu kilikaa sm 150 kutoka sakafuni. Kwa fremu yenye kimo cha sm 80 ambayo waya wake ukivutwa unaishia sm 6 chini ya ukingo wa juu, msumari unapigwa 150 + 40 − 6, yaani sm 184. Waya usipovutwa wakati wa kupima, fremu zinapishana.

Picha ya glasi chini ya taa, ya 1962, ilihitaji maelezo marefu kuliko zote. Lino ni moja: unachapa njano toleo zima, unachonga, unachapa nyekundu, kisha kijani, mwisho nyeusi. Kilichochongwa hakirudi, hivyo nakala za ziada haziwezekani. Kibao chake cha maelezo nilikiweka kulia, kikieleza hatua hizo nne kwa mfuatano, ili msomaji aitafute njano iliyobaki kwenye mwanga wa taa.