Tochi kabla ya panga: mradi wangu wa taa za ulinzi, Kitangiri, Mwanza

Wiki ya kwanza

Nyumba yetu iko mlimani, imebanwa kati ya majabali mawili, na choo kiko nje, hatua kama kumi na tano kutoka mlango wa jikoni. Mwezi uliopita umeme ulikatika, mbwa wa jirani wakabweka, kisha nikasikia kokoto zikiteleza nyuma ya nyumba. Nilitoka na panga mkono wa kulia, simu ikimulika mkono wa kushoto. Mwanga wa simu haukufika popote. Niliona kivuli tu, nikanyanyua panga.

"Mjomba, ni mimi!"

Alikuwa mpwa wangu, ana miaka 14, ametoka kujisaidia. Sikupata usingizi hadi alfajiri. Asubuhi nikafungua daftari hili: nataka nimtambue mtu kabla mkono haujanyanyuka.

Wiki ya pili

Nimeshuka Makoroboi, mtaa uliopewa jina la koroboi, vile vitaa vya mafuta ya taa vya bati. Nimepata tochi ya chuma yenye kitufe kitakoni: ukikibonyeza kidogo inawaka, ukiachia inazima. Muuzaji alisifia betri yake kwamba ina mAh 9,800, yaani kipimo cha chaji inayobeba. Nikamrudishia. Betri hizi za 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu 65, zilizo nzuri huwa na karibu 3,500. Nilipata mbili kwa fundi, katoa kwenye betri ya kompyuta mpakato iliyokufa. Nilizipima kwa mita baada ya kuchaji: moja volti 4.1, nyingine 3.6. Hiyo ya pili haijai tena, nimeitupa.

Jaribio la sebuleni limenifundisha zaidi ya dukani. Kuta zetu ni nyeupe. Nilipowasha mwanga wa juu kabisa kuelekea ukutani, ulinirudia wote usoni, nikapigwa kiwi mwenyewe. Nikauelekeza darini: chumba kizima kikaonekana, mpaka vidole vya mke wangu aliyekuwa amekaa pembeni. Na mikono ndiyo ya kutazama kwanza, maana ndiyo itakayokuambia mtu amebeba nini. Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka kwenye tochi. Kandela ni ukali wa mwale kuelekea unakolenga. Ndani lumeni chache zinatosha. Kule kwenye majabali nahitaji kandela.

Wiki ya tatu

Jirani yetu mmoja ni mlinzi wa usiku. Shotigani anayolindia kaifungia tochi chini ya mtutu kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, mizunguko mingi, imekaza kweli. Nilimwamkia, nikamwuliza akisikia kishindo getini anafanyaje.

"Namulika."

"Unammulika kwa bunduki, mzee?"

Akakaa kimya. Shida ni hiyohiyo ya panga langu, ila ya kwake inaua kutoka mbali. Taa iliyofungwa kwenye silaha haiwezi kumtafuta mtu bila mtutu nao kumtafuta. Huko Marekani, ambako taa za kufunga kwenye bastola na bunduki zimezoeleka, wakufunzi bado wanahimiza tochi ya pili ya mkononi, kwa sababu hiyo. Lakini mzee naye ana hoja: shotigani inataka mikono miwili. Tumekubaliana ya bunduki ibaki, na nyingine ivaliwe mkononi kwa kamba, ya kutambulia. Juzi nimemwona nayo. Nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Wiki ya tano

Taa ya sola yenye sensa ilinisumbua. Niliielekeza moja kwa moja kwenye njia, mtu anakuja mpaka karibu ndipo inawaka. Sensa hizi huona joto linalosogea, na hushika vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia. Tena jioni majabali yetu bado yana moto wa jua, mwili wa mtu hautofautiani nayo sana. Nimeihamishia pembeni ili njia iikatize. Sasa inawaka mapema. Kinachobaki ni wadudu wa ziwani: wakija wingu zima, asubuhi kioo kimefunikwa, lazima nipande na kitambaa.

Jambo jingine. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa kazini, ziwa linajaa taa kama mji. Nilikuwa nikizitazama, kisha nikigeukia uani sioni kitu. Macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza vizuri, na mwanga mkali huyaharibu papo hapo. Kwa hiyo nikiamka usiku sigusi taa ya chumbani. Nashika tochi, nasikiliza, naita jina.

Jana nimepigilia msumari wa pili kando ya mlango wa jikoni, kwa kimo cha mpwa wangu. Tochi yake inaning'inia hapo. Anatoka akimulika chini, na akirudi anasema jina lake kabla ya kugusa kitasa. Panga nimelirudisha stoo.