Bomba la cheni, jaribio la nne: rangi imesalia

Jumamosi asubuhi niliteremka kutoka ukingoni mwa kreta ya Menengai hadi mjini Nakuru bila kuyakwepa mawe, na nilipofika nyumbani niliipindua baiskeli, nikaifuta vumbi kwa kitambaa kibichi, kisha nikalikagua bomba la cheni kwa tochi kuanzia kwenye pedali hadi kwenye ekseli. Sikuona mkwaruzo mpya hata mmoja. Hii ni wiki ya 11 tangu nilipofunga kinga ya sasa, na kwa kuwa majaribio matatu yaliyotangulia yote yalishindwa, nimeketi kuandika kabla hata ya kuoga.

Ninaposema bomba la cheni nina maana ya lile bomba la chini la nyuma, upande wa kulia, ambalo cheni hupita juu yake na chini yake. Fremu ni ya chuma, ya mtumba, na niliipaka mwenyewe rangi ya gari ya buluu iliyokolea, koti mbili, na klia (koti la mwisho lisilo na rangi) juu yake. Habari za msasa na praima sitazirudia. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba cheni inaporuka kwenye barabara mbovu hulipiga bomba hilo mamia ya mara katika mteremko mmoja, na chuma kikishaachwa uchi, kutu huingia chini ya rangi iliyobaki na kuiinua kama ganda la kitunguu.

Jaribio la kwanza lilikuwa blada. Kila mwendesha baiskeli wa Nakuru analijua jambo hili: unachana tyubu kuukuu kwa urefu, unauzungusha ukanda huo kwenye bomba kwa kuuvuta kwa nguvu, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia, kisha unafunga ncha kwa nailoni. Kelele ilikoma siku hiyohiyo. Niliamini kazi imekwisha, na kosa langu kubwa katika mradi huu wote ni kwamba sikuifungua blada hiyo kwa miezi miwili, mvua zikiwa zimekwisha kuanza.

Nilipoifungua nilikuta bomba limegeuka rangi ya maziwa. Klia ilikuwa imesagwa mwili mzima, hata upande wa nje ambao cheni haiufikii kamwe, na katika sehemu tatu kando ya mizunguko kulikuwa na vitone vya kutu. Kwa maneno mengine, rangi iliharibika zaidi chini ya kinga kuliko mahali ambapo hapakuwa na kinga yoyote. Nililitazama jambo hilo kwa hasira kwa siku kadhaa kabla ya kulielewa. Husemwa mara nyingi kwamba jina Nakuru lenyewe linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi, na anayeendesha kati ya Menengai na Njoro wakati wa kiangazi hawezi kulibishia. Vumbi letu si udongo mtupu, kwa sababu limetokana na majivu na mawe ya volkano, na ndani yake mna chembe za kioo cha volkano ambazo ni ngumu kuliko rangi yoyote ya gari. Chembe hizo ni ndogo kiasi cha kupenya katikati ya mizunguko ya blada pamoja na maji, na zikifika ndani hazitoki. Kila cheni inapogonga, blada hujisogeza kidogo sana, pengine kwa upana wa unywele, lakini inasogea. Mpira, maji na majivu ya volkano ni msasa wa maji, ule ule tunaoutumia kulainisha rangi kabla ya koti la mwisho, na mimi nilikuwa nimeufunga kwa makusudi kwenye fremu yangu na kuuendesha kwa miezi miwili.

Bomba hilo karibu limelala sawa na ardhi, kwa hiyo maji hayana mteremko wa kuyatoa, hata ukizungusha blada kuelekea upande gani. Nilijaribu pande zote mbili. Sipendekezi tena blada ya kuzungusha kwa fremu ya chuma katika mji huu, isipokuwa kwa mtu aliye tayari kuifungua na kuiosha kila wiki mbili.

Jaribio la pili, tepu ya umeme, halistahili zaidi ya mistari michache. Gundi yake ililainika kwa jua na mafuta ya cheni, tepu ikateleza kuelekea nyuma, na nilitumia jioni nzima kuuondoa ulimbo wake kwa mafuta ya taa.

Jaribio la tatu lilinifikisha kwa vijana wanaobandika stika za matatu. Walinipa vipande vya vinaili vilivyobaki, na kazi yao ya kubandika kwenye kona ni ya kupendeza kweli, lakini vinaili ile ina unene wa takriban milimita 0.1, na cheni iliipasua ndani ya wiki moja. Mmoja wao ndiye aliyenionyesha utando mwingine, ule wa poliyurethani usio na rangi ambao wenye magari hubandika mbele ya boneti ili changarawe isiibandue rangi. Ni jamaa wa utando mnene zaidi uliobuniwa kulinda kingo za mapanga ya helikopta dhidi ya mchanga. Nilipata kipande chenye unene wa milimita 0.2. Huu ulizuia vumbi kabisa, kwa sababu umeshikana na rangi kila mahali na hauachi nafasi ya chembe kuingia. Hata hivyo baada ya mwezi mmoja niliona vidoa vidogo vyeupe chini ya utando ambao wenyewe ulikuwa mzima. Utando unazuia kukwaruzwa lakini hauli pigo. Cheni ilikuwa inagonga kama nyundo juu ya kitambaa, na rangi ilikuwa inapasuka chini yake.

Hapo nilikuwa nimepanga kununua utando mnene na kuendelea vivyo hivyo. Niliuacha mpango huo kwa sababu ya mzee mmoja fundi anayekaa karibu na soko, ambaye nilikuwa nimempelekea gurudumu lenye spoki zilizokatika. Aliitazama fremu yangu, akaonyesha baiskeli yake ya zamani ya Black Mamba iliyoegemea ukutani, na kuniambia, "Kijana wangu, hii imebeba maziwa kutoka Bahati miaka na miaka, na bomba lake bado lina rangi. Wewe unaficha ukuta, lakini anayerusha mawe humwulizi."

Nilimjibu, "Lakini mzee, yako ina gia moja na ina kava ya cheni."

"Ndiyo," alisema. "Na cheni yake haina mahali pa kulegea."

Nilirudi nyumbani na kuihesabu cheni yangu pingili kwa pingili. Zilikuwa 116, yaani urefu ambao cheni nyingi hutoka nao katika pakiti. Fundi aliyenifungia hapo awali hakukata hata pingili moja, nami sikuwahi kukagua. Kanuni ya hesabu ni rahisi na hufanyika kwa inchi: chukua umbali kutoka kiini cha ekseli inayozungushwa na pedali hadi kiini cha gurudumu la nyuma, uzidishe kwa mbili, ongeza robo ya idadi ya meno ya sproketi kubwa ya mbele na robo ya ile kubwa ya nyuma, kisha ongeza inchi moja. Kwangu umbali huo ni milimita 430, sawa na inchi 16.93, sproketi kubwa ya mbele ina meno 44 na ya nyuma 32. Jumla ni 33.86, 11, 8 na 1, yaani 53.86, ambayo inapandishwa hadi 54. Kwa kuwa kila pingili ni nusu inchi, milimita 12.7, cheni yangu ilipaswa kuwa na pingili 108. Nilikuwa nimezunguka na pingili nane za ziada, sentimita 10 za cheni isiyo na kazi nyingine ila kulipiga bomba. Kwa tahadhari niliipitisha pia cheni kwenye sproketi kubwa zote mbili bila kuipitisha kwenye mkono wa gia (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni na kuikaza), nikaongeza pingili mbili, na jibu lilikuwa lile lile.

Nitoe maoni kidogo kuhusu vifaa, kwa kuwa hapa ndipo wengi huharibu. Tafadhali tumia kifaa cha kutolea pini za cheni. Nyundo na msumari vinafanya kazi, na nimewaona mafundi hodari wakivitumia, lakini pigo hupanua tundu la bamba la nje, na kwa cheni nyembamba ya gia nane pini hiyo haishiki tena kama zamani. Vilevile nunua kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, hata ya bei nafuu, kabla ya kununua kipimo maalumu cha cheni. Pingili 24 za cheni mpya ni milimita 304.8 kutoka pini hadi pini. Zangu zilisoma 306.5, jambo linalomaanisha kwamba cheni imerefuka kwa zaidi kidogo ya nusu ya asilimia moja. Mimi hubadilisha ikifika 307, kwa sababu cheni ikichakaa kupita hapo huanza kula meno ya sproketi.

Kabla ya kufunga kinga mpya nilifanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo kabisa. Nilisaga chaki ya darasani, nikaichanganya na maji hadi ikawa uji, nikalipaka bomba lote pamoja na lile bomba la juu la nyuma, nikaiacha ikauke, kisha nikaendesha kilomita tano za mawe. Cheni hufuta chaki kila inapogusa, na ramani niliyoipata ilinishangaza. Kulikuwa na michirizi mirefu juu ya bomba, katikati, kama nilivyotarajia, lakini hakuna iliyofika upande wa nje wala chini yake kabisa, kwa hiyo blada yangu ya kuzungusha ilikuwa inafunika mara tatu ya eneo lililohitaji kufunikwa. Na nyuma tu ya sproketi za mbele kulikuwa na jeraha la aina nyingine, fupi na la kina, ambalo halitokani na cheni kuruka. Hilo hutokea cheni inapong'ang'ania meno ya sproketi ndogo badala ya kuachia, ikavutwa juu na kubanwa kati ya sproketi na bomba. Nafasi ya hapo ni milimita nne tu, na hakuna mpira unaoweza kuishi mahali hapo.

Kinga ya sasa basi ina tabaka mbili. Ya chini ni utando wa poliyurethani, kipande kimoja kisicho na mzunguko, kilichobandikwa juu ya rangi iliyosafishwa kwa spiriti, kwa kutumia maji yenye tone la sabuni ili niweze kukitelezesha hadi kikae sawa, kisha nikakipasha joto kwa blowa ya saluni kwenye mkunjo. Kingo zake zote ziko upande wa chini, ambako chaki haikuguswa. Juu yake, katikati pekee, nimebandika ukanda wa tyubu ya pikipiki kwa solushoni ya kuzibia pancha, urefu wa sentimita 18 na upana wa 3. Umebandikwa mwili mzima, hauna mizunguko, kwa hiyo maji hayana mlango. Nilihofia kwamba solushoni ingeula utando, nikaijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki kwa siku tatu, na hakikudhurika. Nyuma ya sproketi za mbele nimeweka bamba jembamba la chuma kisichoshika kutu, lililokatwa na fundi wa jua kali, kingo zake zikiwa zimelainishwa kwa tupa, nalo pia limelalia juu ya utando ili chuma kisikutane na chuma mahali penye maji.

Siwezi kusema kwa haki ni kiasi gani cha mafanikio haya kinatokana na tabaka hizo mbili na ni kiasi gani kinatokana na zile pingili nane, kwa kuwa nilibadilisha vyote katika wikendi moja. Ila sauti imenipa fununu: nilipokata cheni, kabla sijaubandika mpira, mlio wa kugonga kwenye mawe yale yale ulipungua wazi. Ukanda wa mpira wenyewe, baada ya wiki 11, una michubuko sita tu ninayoweza kuihesabu.

Nilikuwa nimeahidi kwamba sehemu inayofuata ingekuwa kupaka rangi upya upande wa ndani wa bomba la juu la nyuma, mahali ambapo cheni hugusa inapokuwa kwenye sproketi ndogo kabisa. Rangi imeshachanganywa na imo kwenye kopo. Lakini nilipoufungua mkono wa gia kuusafisha nimegundua kwamba bamba lake lina matundu mawili ya kushikia springi, na ya kwangu imechomekwa katika tundu lile la mvuto mdogo. Baadhi ya mikono ya gia ya kisasa, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, ina klachi inayoizuia cheni kurukaruka, na bei yake siiwezi kwa sasa. Tundu la pili halinigharimu chochote. Kopo la rangi litasubiri. Springi naihamisha kesho jioni, nitapaka chaki upya, na nitapita njia ile ile ya Menengai ili michirizi ilinganishwe na ya mwanzo. Ukingo wa nyuma wa mpira nitauinua mvua za Aprili zitakapopungua, nione kama kuna chembe hata moja ya vumbi iliyoingia.