Kimea cha Kwaresima

Jumatano ya Majivu, tukitoka ibadani, binti yangu aliniuliza, "Baba, mwaka huu unaacha nini?" Rafiki zake walikwisha kuchagua: soda, chipsi, simu baada ya saa mbili usiku. Nikamwambia anipe hadi kesho. Tangu hapo mawazo yangu yamehamia Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, jikoni kwa mama, mwaka ule alipoacha pombe huku kimea cha ulezi kimeshakauka mkekani na ndizi ziko pipani.

Wasiopika mbege, pombe yetu Wachagga ya ndizi na ulezi, hudhani ni kazi ya siku moja. Ulezi hulowekwa usiku kucha, ukatolewa majini, ukafunikwa na kunyunyiziwa kidogo kidogo mpaka uote. Kwa baridi ya kule juu ni siku tatu, wakati mwingine zaidi. Ukishaota huanikwa hadi ukauke kabisa, maana ukiuweka na unyevu unashika ukungu na unga wake unanuka. Ndizi nazo zina safari yake. Zilizoiva humenywa, zikachemshwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi na kuwa nyekundunyekundu, zikapoa, zikaachwa pipani siku kadhaa ili zichache. Ndipo huchujwa, unga wa kimea ukapikwa uji, uji ukapoa, vikachanganywa. Kesho yake watu wanakunywa. Uji ukitiwa ungali wa moto, joto linaua kile kinachochachusha na pipa zima linalala. Msesewa, lile gome chungu, ukizidi hakuna anayemaliza kata, kile kibuyu cha kunywea. Na mbege iliyoiva haingoji mtu: baada ya siku mbili tatu imekuwa kali, kisha siki.

Katika hatua zote hizo mpishi anaonja. Anaonja ndizi kujua kama zimechacha vya kutosha, anaonja uji kujua kama kimea kina nguvu, anaonja msesewa, anaonja asubuhi kabla ya wateja. Tabia ya mama ilijificha humo. Hakuwa mtu wa kilabuni na hakuna aliyewahi kumwona akiyumba njiani. Alionja tu. Kata ya kwanza kabla ya chai, nyingine mchana, nyingine akichuja jioni, na siku ambazo hakupika alikwenda kumsaidia jirani kuonja ya kwake.

Kwetu Walutheri kata moja ya mbege arusini haimtengi mtu na meza ya Bwana, na majirani zetu Wakatoliki wanaona vivyo hivyo. Wapentekoste na Wasabato huikataa kabisa. Kwa hiyo mama hakuwa na sheria ya kuegemea. Hakuna mchungaji aliyemwita. Alikuwa na somo la jumuiya tu, Waefeso sura ya 4, pale Paulo anapowaambia watu wauvue utu wa zamani na kuuvaa utu mpya. Wengi huishia hapo, kwenye aya ya 22 hadi ya 24. Mama alisoma hadi mwisho wa sura, na ilimshika aya ya 28: mwizi asiibe tena, bali afanye kazi njema kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Sura yote inakwenda hivyo. Anayeacha uongo aseme kweli, anayeacha neno ovu aseme lenye kujenga, anayeacha uchungu na hasira awe mfadhili. Paulo hamwachi mtu mikono mitupu hata mara moja.

Jumamosi ile ya kwanza ya Kwaresima alikuja mzee wa kanisa, mtu mwema ambaye alikuwa amemwombea mama kwa muda mrefu. Mama mkubwa alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi mshare za mtori. Mzee akasema vyote vimwagwe siku hiyo hiyo, pipa na mkeka.

Ndizi zilimwagwa. Nilishika ndoo mimi na kaka yangu. Mama hakutaka ng'ombe wapewe, kwani zilikuwa zimechacha, na ng'ombe akila nyingi kwa mara moja tumbo linavurugika. Hakutaka pia zimwagwe shinani pa mgomba mmoja. Tulichimba shimo pembeni ya kihamba, shamba letu la migomba, tukaweka tabaka la majani makavu ya mgomba, tukamwaga, tukafunika kwa majivu na udongo ili inzi wasijae. Harufu ile tamu ilipanda hadi nyumbani. Nilimwona mama amejifunika pua kwa kanga, na wakati huo nilidhani inamkera.

Tulipofika kwenye kimea akasimama mbele ya mkeka.

"Ulezi haujakosa kitu, mzee wangu," alisema.

Mzee akamweleza kwa upole kwamba mtu akibakiza mbegu amebakiza shamba. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nilete sufuria kubwa. Alipika uji wa unga wa kawaida, akauacha upoe hadi kidole kivumilie, ndipo akatia unga wa kimea na kukoroga. Ulezi ulioota una nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari, lakini uji ukiwa wa moto sana nguvu hiyo inakufa na ukiwa wa baridi inasinzia. Ukiupatia, unauona kwa macho: uji mzito unalegea wenyewe ndani ya muda mfupi, mwiko unakuwa mwepesi, na ukionja ni mtamu bila chembe ya sukari. Ni togwa. Haina ulevi. Ila ukiiacha hadi kesho inaanza kuchacha, na keshokutwa umeshakaribia kule ulikotoka. Mama alijua hilo kuliko mzee. Ikikaribia jioni aliirudisha motoni ikachemka vizuri, akaigawa ya moto, na kilichobaki hakikulala ndani ya nyumba.

Saa kumi na moja wakaja wateja wa Jumamosi, wengi wao ndugu za baba, wakaketi kwenye benchi lao chini ya mparachichi. Mama akatoka na kata ile ile. Akampa mkubwa wao kwa mikono miwili, kama siku zote, akiwa amepiga goti kidogo. Baba mkubwa akanywa fundo moja, akaishusha kata, akaitazama ndani.

"Shemeji, hii bado haijaiva."

"Haitaiva tena, shemeji," mama akasema.

Hakuna aliyecheka. Mzee wa kanisa alikuwa amesimama karibu na zizi, hakuondoka. Mama mkubwa aliacha kumenya. Mama alisubiri mikono yake ikiwa wazi mbele yake, akingoja kurudishiwa kata, na ilikuwa ikitetemeka. Baba mkubwa alitazama ile mikono kuliko alivyoitazama kata. Kisha akanywa yote, akampa aliyemfuata. Wawili waliinuka wakaaga kwa heshima, wakaenda nyumba ya tatu kutoka kwetu. Waliobaki walikunywa togwa, wakazungumza bei ya kahawa hadi giza likaingia.

Mikono ile sasa naielewa zaidi. Mama alitokwa jasho usiku na hakulala vizuri, na baada ya siku chache ikapita. Si kwa kila mtu inapita. Anayekunywa sana kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza ndani ya siku mbili tatu kushikwa na degedege au kuona vitu visivyokuwepo, na anaweza kufa. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali aachishwe akiwa chini ya uangalizi, na maombi yaende naye hukohuko. Nimesikia watu wakiita mtetemeko huo pepo na kumfungia mgonjwa chumbani. Hilo linaniuma.

Mengine yalikwenda haraka. Saa ya kata ya kwanza akaiweka sala ya jumuiya, saa kumi na mbili asubuhi, na alikwenda hata siku zisizo zake, kwa nyumba za wenzake. Pipa hakuliazimisha, kwa sababu lililoazimwa hurudi. Alilifanya la maji ya ng'ombe. Ndizi alianza kuziuza mbichi soko la Mbuyuni, kabla hazijaiva, na hapo ndipo palipouma kuliko pombe. Mbege ilileta fedha kila Jumamosi; ndizi mbichi zinaleta kwa msimu, na dalali naye ana fungu lake. Ada ya kaka yangu ilichelewa. Watu wakihubiri juu ya kuacha, mara chache hutaja mapato, na mara nyingi mapato ndiyo yanayomrudisha mtu.

Wala haikuwa safari ya kupanda tu. Jioni zilikuwa ngumu, msiba wa ukoo ulikuwa mgumu zaidi, na kuna usiku nilimkuta amekaa jikoni gizani akisema sehemu ile ya ubatizo tuliyokaririshwa kipaimara, kutoka Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529: kwamba Adamu wa kale ndani yetu azamishwe kila siku kwa toba, na kila siku afufuke mtu mpya. Nilikuwa nimeikariri kama jibu la mtihani. Kwa mama lile "kila siku" lilikuwa ruhusa ya kuanza tena asubuhi.

Ninalolirudia mara nyingi kichwani ni benchi. Mzee wa kanisa aliona ni heri mama afunge lango kabisa, wanywaji wasije. Alitaja Mathayo 12, nyumba iliyofagiwa na kupambwa ikabaki tupu, yule pepo mchafu akarudi na wenzake saba. Mama alimjibu kwa somo lilelile: yeye nyumba yake haikuwa tupu, ina watu. Mama mkubwa akawa upande wa dada yake, akasema ukoo na ujirani si dhambi. Katika hilo walikuwa na mtangulizi hapo hapo kijijini. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyehudumu Kidia hadi mwaka 1938, aliandika maisha yake yote kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Injili haikuja kuvikata.

Kwa mama ilikuwa hivyo. Benchi lilimshika. Wale wazee walikuja Jumamosi baada ya Jumamosi, wakanywa togwa na baadaye chai, na mbele yao mama aliona haya kurudi nyuma. Lakini mjomba wangu, mdogo wake mama, aliketi kwenye benchi hilohilo, akanywa togwa hiyohiyo, na kila akiinuka alipitia nyumba ya tatu. Kwake benchi lilikuwa kituo cha kwanza cha njia ileile. Aliacha alipohamia Arusha kwa miaka kadhaa, mbali na wote, akasali kwenye kanisa ambalo hakuna aliyemjua.

Siku hizi watu huja kuniuliza, wengine kuhusu pombe, wengi kuhusu kamari za simu, na wanataka niwaambie kama wafunge lango au wabadilishe kilichomo ndani ya kata. Nikijibu haraka naogopa nitampa mjomba dawa ya mama. Kwa hiyo huwauliza kwanza: saa ngapi inakuja, ukiwa wapi, na nani ameketi karibu yako? Wapo wanaojibu mara moja. Wengine inabidi waende nyumbani wakajitazame juma zima, wakarudi, na hata hapo mimi na wao hukaa muda mrefu kabla hatujajua lipi la kufanya.